Mtu na Mnyama Jukwaani: Maleba katika Kazi za Julie Taymor

Katika uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili maleba hupata aya moja, nayo kwa kawaida huwa ya mwisho. Mhakiki akishamaliza dhamira, wahusika, muundo na lugha, huongeza kwamba mavazi yalilingana na wakati wa mchezo, au kwamba mfalme alivaa joho lililompendeza, kisha huweka kalamu chini. Desturi hii ina sababu zake. Tamthilia nyingi husomwa darasani kabla ya kuonekana jukwaani, na nyingine hazionekani kabisa. Anayesoma kitabu hakioni kitambaa. Tena maonyesho mengi ya Afrika Mashariki huvishwa kwa nguo walizozitoa waigizaji wenyewe majumbani mwao: leso ya mama, kanzu ya mjomba, koti la babu lililolala sandukuni miaka mingi. Nguo zilizopatikana hivyo hazikubuniwa na mtu, na mhakiki haoni la kuhakiki.

Hata hivyo neno lenyewe lina historia nzito kuliko hiyo aya moja. Maleba si vazi la mwigizaji peke yake. Ni vazi la mchezaji ngoma na la mganga pia, yaani vazi la mtu ambaye kwa muda fulani si yule anayefahamika kijijini. Ni katika maana hii pana ndipo kazi ya Mmarekani Julie Taymor inapostahili kuchunguzwa. Taymor ni mwelekezi wa michezo na wa filamu, lakini sifa yake ilijengwa kwanza na mikono yake: barakoa alizozifinyanga, vikaragosi alivyovichonga, nguo alizozibuni. Mchezo uliompa umaarufu wa dunia nzima, *The Lion King*, unafanyika katika mbuga zinazofanana na za Kenya na Tanzania, na wahusika wake wanaitwa Simba, Rafiki na Sarabi. Mwenye lugha iliyoazimwa ana haki ya kuuliza namna ilivyovaliwa.

Taymor alizaliwa Newton, karibu na mji wa Boston, tarehe 15 Disemba 1952. Alianza kuigiza akiwa mtoto katika vikundi vya Boston, na kabla ya kuingia chuo kikuu alikwenda Paris kusoma katika shule ya Jacques Lecoq. Somo la msingi la shule hiyo lilikuwa barakoa tulivu, isiyocheka wala kulia. Anayeivaa hana uso wa kutegemea, kwa hiyo hana budi kusema kwa mgongo, kwa goti na kwa shingo. Aliporudi Marekani alijiunga na Chuo cha Oberlin, Ohio, akafanya kazi na kundi la Herbert Blau huku akisoma visasili na mapokeo ya watu, akamaliza mwaka 1974. Kwa Blau alijifunza kutafuta katika kila mchezo alama moja, kama mchoro wa mpigo mmoja wa brashi, inayobeba wazo zima. Wabunifu wengi wa maleba huanza na mhusika mmoja mmoja. Taymor alizoea kuanza na alama hiyo, kisha kuwavisha wahusika kwayo. Katika *The Lion King* alama ilikuwa duara, na anayetazama kwa makini ataiona katika jua linalochomoza, katika singa za simba dume, katika ziwa linalokauka, na hata katika magurudumu yanayowabeba swala.

Mwaka 1974 alipata ruzuku ya Watson ya kutembelea Japani na Indonesia. Safari ya muda mfupi iligeuka makao ya miaka minne hivi. Huko Indonesia aliunda kundi lililoitwa Teatr Loh, lenye wasanii wa Java, wa Bali, wa Sunda na wachache kutoka Ulaya na Marekani, akatunga nalo michezo miwili, *Way of Snow* na *Tirai*. Mambo mawili aliyoyaona katika nchi hizo ndiyo yaliyoamua kazi yake yote ya baadaye. La kwanza ni bunraku ya Kijapani, ambamo kikaragosi kimoja kikubwa huchezeshwa na watu watatu walio mbele ya macho ya watazamaji. Hakuna anayejificha, na bado baada ya dakika chache mtazamaji humsahau mchezeshaji na kulia na kikaragosi. La pili ni wayang kulit ya Java, michezo ya vivuli vya ngozi iliyokatwa, ambamo kivuli na ngozi yenyewe ni mambo mawili tofauti: wapo wanaokaa upande wa kivuli na wapo wanaokaa upande wa fundi. Katika sanaa zote hizo ufundi haufichwi. Ufundi ni sehemu ya burudani.

Lipo pia tukio ambalo Taymor amelisimulia mara nyingi hadharani. Alikuwa Trunyan, kijiji kilicho kando ya ziwa Batur huko Bali, ameketi peke yake gizani chini ya mti baada ya watu kutawanyika. Wakatokea wazee waliovaa mavazi kamili ya mashujaa, wenye mikuki, wakaanza kucheza katika uwanja mtupu. Hawakujua kwamba yupo mtu anayewatazama. Walicheza kwa ukamilifu uleule ambao wangeuonyesha mbele ya umati, kwa sababu ngoma ile haikuwa ya watu. Ilikuwa ya Mungu. Baadaye nguo na barakoa ziliwekwa chini, na wengine wakaja usiku huohuo na taa, wakaigiza mchezo kwa ajili ya watu. Taymor ameeleza kwamba somo alilolipata ni kutenda kila jambo dogo kwa uadilifu hata kama hakuna wa kuliona. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Kilichomo katika kisa hicho, kwa mwanafunzi wa maleba, ni swali la nani anayevalishwa kwa ajili ya nani. Nguo ya Trunyan haikutengenezwa ili ionekane na macho ya kununua tikiti. Taymor, aliyeishi kwa tikiti, alilazimika kulihamisha somo hilo mahali ambapo haliwezi kukaa bila kubadilika, na historia ya kazi yake yaweza kusomwa kama historia ya uhamisho huo.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda hadi Bali ili alione swali hili. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, wa Msumbiji na wa kusini mwa Tanzania, kinyago huvaliwa kichwani kama kofia nzima. Mchezaji hukiinua kwa pembe na kuchungulia kupitia tundu la mdomo. Mwili wote hufunikwa kwa kitambaa hata ngozi isionekane. Ufichaji huo si wa mapambo. Ngoma hiyo ilifungamana na jando, na ilikuwa siri ya wanaume kwamba ndani ya kinyago yumo mtu, tena mtu wa mtaa uleule. Mchezaji akitambulikana, kinyago kimeshindwa. Maleba ya mapiko yanasema: hapa hakuna mtu. Maleba ya bunraku yanasema: mtu huyu hapa, mtazameni, na bado kikaragosi ki hai. Mikondo hii miwili haipatani, na mbunifu anayesema amechota Afrika na Asia kwa pamoja hana budi kuchagua mmoja katika kila kazi. Taymor alichagua mkondo wa Asia.

(Yafaa kukumbuka kwa kupita kwamba neno barakoa, ambalo leo hutumiwa kwa uso wowote wa bandia, liliwahi kuwa vazi la uso la wanawake waungwana wa Unguja na Omani. Barakoa ile haikukusudiwa kumgeuza mwanamke kuwa mwingine. Ilikusudiwa kutangaza yeye ni nani huku ikimficha. Kwa hiyo lugha ya Kiswahili ina maana ya tatu ambayo Trunyan na Osaka hazinayo, na hakuna mbunifu wa jukwaa aliyewahi kuichezea ipasavyo.)

Alirudi Marekani na katika miaka ya 1980 akafanya kazi katika majumba madogo ya New York. Alibuni *The Haggadah* mwaka 1980, kisha *The Transposed Heads*, na mwaka 1986 akaelekeza *The Tempest* ya Shakespeare kwa kundi la Theatre for a New Audience. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu tamthilia hiyo kwa jina la *Tufani*, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1969. Katika onyesho la Taymor jini Ariel alikuwa uso mweupe ulioshikwa na mkono wa mwigizaji aliyevaa nyeusi, uso usio na kiwiliwili, mwepesi kama upepo anaoutumikia. Caliban naye alitokea akiwa na kichwa kilichofunikwa kwa barakoa iliyofanana na jiwe. Alipodhani amepata uhuru kutoka kwa Prospero aliivunja, na uso wa mtu ukaonekana kwa mara ya kwanza.

Huenda hiyo ndiyo barakoa bora kuliko zote alizowahi kuzitengeneza, ingawa ni ya udongo na ya kazi ndogo. Wahakiki wengi wa Afrika wameandika juu ya Caliban kama mtumwa wa ukoloni aliyefundishwa lugha ili apate kulaani kwayo. Taymor hakuandika makala. Alimfungia mtu ndani ya jiwe na kumwacha ajitoe mwenyewe. Tena ukatili wa tendo hilo umo katika wakati wake, kwani Caliban anavunja jiwe kwa furaha ya kumpata bwana mwingine, naye ni mlevi. Uso unaotoka nje ni uso wa mtu ambaye bado amedanganyika. Hapa maleba yamesema jambo ambalo maneno ya mchezo yanalikaribia tu.

*Juan Darién* ya mwaka 1988, iliyotungwa pamoja na mwanamuziki Elliot Goldenthal kutokana na hadithi ya Horacio Quiroga, iliendeleza hilo kwa kumgeuza mwana wa jagwa, yule paka mkubwa wa misitu ya Marekani ya Kusini, kuwa mtoto wa watu, kutoka kikaragosi hadi damu na nyama. Mchezo huo ulirudishwa jukwaani mwaka 1996 katika Lincoln Center. Kati ya tarehe hizo alitunukiwa nishani ya MacArthur mwaka 1991 na kuelekeza *Oedipus Rex* ya Stravinsky nchini Japani mwaka 1992. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa na wachache alipoitwa na kampuni ya Disney.

Filamu ya katuni *The Lion King* ilikuwa imetoka mwaka 1994 na kuingiza fedha nyingi. Kuigeuza mchezo wa jukwaani kulikuwa na kikwazo kimoja kikubwa: hadithi nzima haina mtu hata mmoja. Njia rahisi ilikuwa kuwavisha waigizaji ngozi za manyoya toka utosini hadi unyayoni, kama wanavyovaa watumbuizaji wa viwanja vya starehe vya kampuni hiyohiyo. Taymor aliikataa. Mnyama akifunika mtu, alijua, hisia zitapotea, kwa kuwa hisia zimo usoni. Suluhisho lake alilipa jina ambalo kwa Kiswahili laweza kuitwa tukio maradufu: mtazamaji amwone mnyama na amwone mtu kwa wakati mmoja, na asilazimishwe kuchagua. Mchezo ulijaribiwa Minneapolis mwezi wa Julai 1997 na kufunguliwa New Amsterdam Theatre, New York, tarehe 13 Novemba mwaka huohuo.

Barakoa ya mfalme Mufasa haiko usoni mwake. Iko juu ya kichwa, kama taji. Mwigizaji anaposimama wima, uso wake uko wazi na simba yuko juu yake. Anapoinama kwa hasira, chombo kilichofichwa hushusha barakoa mbele, na mtu hutoweka nyuma ya mnyama. Ghadhabu basi ni mshuko wa barakoa. Uso wa Mufasa umelingana pande zote na umezungukwa na singa kama jua. Wa nduguye Scar umepinda, nyusi moja juu na nyingine chini, na mavazi yake yana mifupa-mifupa kama ya mtu anayeliwa kutoka ndani. Zimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni ili zisimchoshe anayezivaa: ya Mufasa ina uzito wa gramu 310 hivi, ya Scar 255 hivi, na ya Sarabi haifiki 120. Taymor alizifinyanga kwa udongo mwenyewe, na mtambo wake ulitengenezwa pamoja na Michael Curry, fundi wa vikaragosi ambaye jina lake husahauliwa mno na wanaomsifu Taymor. Kwa jumla mchezo una vikaragosi na barakoa zaidi ya 200.

Mambo ya gharama kubwa, hata hivyo, si ndiyo yanayokaa moyoni. Twiga ni mtu aliyesimama juu ya mironjo minne, miwili ya miguu na miwili ya mikono, na shingo ndefu imepanda kutoka kichwani pake; hatua yake ni ya kusitasita, na kusitasita huko si ubunifu wa mwigizaji bali ni matokeo ya mironjo. Maleba yamemfundisha mwili namna ya kuwa twiga. Mbuga ni safu ya watu wenye nyasi vichwani, wanaotembea polepole hata upepo uonekane. Ukame ni duara la hariri ya buluu inayovutwa kupitia tundu la sakafu mpaka maji yaishe. Na simba majike wanapomlilia Mufasa huvuta utepe mweupe kutoka machoni mwa barakoa zao, utepe unaoteremka kama chozi lisilokauka.

Utepe huo unastahili kutazamwa kidogo. Mwigizaji wa kawaida huombwa alie kweli, na akilia kweli ni wachache wa safu za mbele wanaoona. Kwa utepe analia hata kwa aliyekaa nyuma kabisa, na hakuna anayedhani ni chozi la kweli, na bado ukumbi hunyamaza. Waswahili wa pwani hawatashangaa. Msibani kitambaa huwa na kazi kubwa kuliko machozi: namna kanga inavyojitandwa, namna ncha yake inavyoletwa mdomoni, humwambia mpita njia nani amefiwa na kwa ukaribu gani. Huzuni iliyo katika kitambaa inasomwa na umma. Iliyo jichoni ni ya mwenyewe. Taymor hakuichukua kutoka pwani, lakini amefika palepale.

Mchezo ulishinda tuzo sita za Tony mwaka 1998. Taymor alipata mbili, ya maleba na ya uelekezi, na ya pili ilimfanya mwanamke wa kwanza kuipata kwa mchezo wa nyimbo.

Sasa laja swali la Afrika. Mazungumzo mengi juu ya *The Lion King* huusifu kama ushindi wa sanaa ya Kiafrika jukwaani New York. Sifa hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni sauti. Lebo M, mtunzi wa Afrika Kusini, aliujaza mchezo kwaya za Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kitswana, na alileta waimbaji waliozijua kama lugha za mama zao. Mwigizaji wa kwanza wa Rafiki, Tsidii Le Loka, aliimba kama anayeita watu wake mwenyewe. Katika maleba hali ni nyingine. Muundo wake, yaani uhusiano wa mtu na kinachochezeshwa, umetoka Japani na Java: Zazu na Timon huchezeshwa na watu walio wazi nyuma yao kama ilivyo katika bunraku, na panya wa mwanzo ni kivuli cha wayang. Kilichotoka Afrika ni uso wa nje, yaani rangi, mistari na shanga.

Shanga ndizo zinazohitaji tahadhari zaidi. Viuno vilivyobanwa kwa kazi ya shanga na mikufu mipana inayotandaza mabega humkumbusha mtazamaji wa Afrika Mashariki kazi ya wanawake wa Kimaasai. Lakini shanga za Kimaasai zina sarufi. Mpangilio wake hutofautisha wari na walioolewa, moran na mzee, ukoo na ukoo. Mwanamke anayezitunga anajua anamwandikia nani. Jukwaani zimebaki herufi bila maneno. Zinang'aa, zinasema "Afrika", na haziwezi kusema lingine. Taymor, aliyejifunza Trunyan kwamba mapambo madogo hutendwa kwa ajili ya anayeyaelewa, hapa amevisha watu kwa ajili ya wasioelewa.

Ni haki kuongeza kwamba kosa hilo halikuzaliwa Marekani. Hoteli za Mombasa na Malindi zimekuwa zikiwavisha vijana wa kila kabila shuka nyekundu na shanga ili wageni wapate Umaasai baada ya chakula cha jioni. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971 kuhifadhi ngoma za taifa, imezoea kundi moja la wachezaji kubadili mavazi nyuma ya pazia na kurudi wakiwa watu wa kabila jingine. Katika mashindano ya tamthilia ya shule, sketi ya katani bado huashiria zamani za Kiafrika kwa ujumla, hata kama waliosimuliwa hawakuwahi kuvaa katani. Taifa linalojivisha hivyo haliwezi kumlaumu mgeni kwa kelele nyingi. Laweza kumlaumu kwa utulivu.

Majina nayo ni maleba ya aina yake. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na hayana neno. Sarabi, lenye maana ya mazigazi, ni jina zuri kwa malkia wa nchi inayokaribia ukame, ingawa hakuna dalili jukwaani kwamba maana hiyo ilitumiwa. Pumbaa amepewa upumbavu wake waziwazi. Lakini fisi jike anaitwa Shenzi. Neno hilo halina mzaha katika historia ya pwani: ndilo lililotumiwa na waungwana kuwaita watu wa bara, kisha likachukuliwa na mabwana wa kikoloni kuwaita watumishi wao. Fisi wa mchezo hukaa nje ya ardhi njema, wana njaa, wanasema lugha ya mitaa ya chini, na maleba yao humwinamisha mwigizaji huku kichwa cha mnyama kikitokeza mbele yake. Simba husimama wima wakibeba nyuso zao juu kama mataji. Aliyebuni mavazi hakuchagua jina, na yumkini hakulijua uzito wake. Lakini jina na vazi vimekutana, na kwa pamoja vimerudia mpaka wa zamani kati ya muungwana na mshenzi mbele ya watazamaji ambao tangu 1997 wamezidi milioni 100. Kwa upande mwingine Taymor alimgeuza Rafiki, tumbili dume wa filamu, kuwa mganga wa kike, akampa nafasi ya kufungua mchezo. Hapo alimvisha maleba kwa maana kongwe ya neno, na ndipo mchezo unapokaribia zaidi kuwa wa Kiafrika kweli.

Kuhusu "hakuna matata", maneno hayo yalikuwa yakiimbwa na Them Mushrooms wa Kenya katika "Jambo Bwana" mwanzoni mwa miaka ya 1980, miaka zaidi ya kumi kabla ya filamu. Mwaka 2003 Disney iliyasajili Marekani kama alama ya biashara kwa ajili ya nguo. Nguo, tena.

Tofauti na tamthilia ya Afrika Mashariki si ya fedha pekee, ingawa fedha zipo. Kufikia mwaka 2014 mchezo huu ulikuwa umeingiza zaidi ya dola bilioni 6 duniani. Tofauti iko katika mahali nguo inapopata uzito. Katika *Ngaahika Ndeenda*, iliyochezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977 na kupigwa marufuku mwezi wa Novemba mwaka huohuo, Kiguunda na Wangeci wanapoteza shamba lao kwa sababu ya harusi ya kanisani. Sherehe hiyo na mavazi yake ni bei ya ardhi. Hakuna kaboni wala hariri inayoweza kulipa vazi uzito huo, kwa kuwa watazamaji wenyewe walikuwa wameliona likiwanyang'anya majirani zao. Na katika masimulizi ya Maji Maji, yaliyompa Ebrahim Hussein msingi wa *Kinjeketile*, mtume wa Ngarambe anazama mtoni na kutoka siku ya pili akiwa mkavu. Nguo kavu ndiyo ushahidi wote. Mwelekezi anayelipuuza vazi katika tukio hilo amepuuza chanzo cha vita, lakini maonyesho ya shule huliacha lipite kwa shuka yoyote iliyokuwa karibu.

Baada ya 1997 mikono ya Taymor ilianza kuondoka katika kitambaa. Katika filamu *Titus* ya mwaka 1999 mavazi, yaliyochanganya deraya za Kirumi na suti za karne ya ishirini, yalikuwa ya Milena Canonero. Katika *Frida* ya 2002 yalikuwa ya Julie Weiss. Katika *The Tempest* ya 2010 ya Sandy Powell. Wote ni mabingwa, na filamu hizo hazikosi uzuri, lakini zinatazamika kama kazi za mwelekezi mwenye wabunifu wazuri, jambo ambalo si sawa na mbunifu anayeelekeza. *The Magic Flute* ya Metropolitan Opera, mwaka 2004, ndiyo kazi kubwa ya baadaye aliyoibuni maleba yake mwenyewe, na ndege zake zinazoelea na dubu wa kitambaa kinachopeperuka zinaonyesha kwamba ustadi ulikuwa bado upo.

Kisha ikaja *Spider-Man: Turn Off the Dark*, iliyogharimu dola milioni 75 hivi, kiasi kisichowahi kutumiwa Broadway kabla yake. Maonyesho ya awali yalianza Novemba 2010. Waigizaji kadhaa waliumia. Machi 2011 Taymor aliondolewa, na mchezo ukafunguliwa rasmi Juni bila yeye. Maleba yalikuwa ya Eiko Ishioka. Waliotafuta sababu za anguko walizungumzia kamba, mitambo na mashauri ya mahakama. Walipaswa kulitazama vazi lenyewe. Mhusika mkuu wa hadithi hiyo hufunikwa uso wote, na kwa kuwa hatambulikani, watu kadhaa waliweza kuvaa vazi moja na kuruka kwa zamu juu ya vichwa vya watazamaji bila yeyote kujua nani ni nani. Ni mapiko bila jando: uso umefichwa, lakini hakuna siri ndani yake wala jamii inayoitunza. Mbunifu aliyejenga jina lake kwa kumwonyesha mtu chini ya mnyama alikuwa amepewa vazi ambalo sheria yake ya kwanza ni kwamba mtu asionekane.

Mwaka 2017 alielekeza *M. Butterfly* ya David Henry Hwang, mchezo ambamo mwanadiplomasia wa Kifaransa huishi miaka ishirini na mpenzi wake bila kutambua, au bila kukubali kutambua, kwamba aliye ndani ya nguo za kike ni mwanamume. Haiko tamthilia inayolifaa zaidi jicho lake, kwani mgogoro wake wote ni maleba. Ilifunguliwa Oktoba na kufungwa Disemba ya mwaka huohuo. Mavazi yalibuniwa na Constance Hoffman.